Koha ni ya bure, kuitunza si bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo na shule, wahasibu wao, na maofisa ugavi wanaoandaa zabuni, kuhusu programu huria ambayo maktaba nyingi za Afrika Mashariki zimeifunga au zinajiandaa kuifunga: Koha. Kwa kuwa Koha hailipiwi leseni, taasisi nyingi huitengea fedha za kuifunga tu, kisha basi. Mwaka wa pili au wa tatu mfumo unalala, wakutubi wanarudi kwenye daftari, na lawama zote zinaangukia programu. Programu haina kosa. Aliyekosekana ni mtu wa kuitunza, pamoja na diski ya pili na ratiba ya kazi.

Kwa wasioifahamu, Koha huendesha maktaba nzima: kuorodhesha vitabu, kuazimisha na kupokea, kusajili wasomaji, manunuzi, majarida, na katalogi ambayo msomaji anaipekua hata akiwa nyumbani kwake. Ilianza kuandikwa New Zealand mwaka 1999. Maktaba za Horowhenua Library Trust zilikuwa na mfumo wa zamani usioaminika kuvuka mwaka 2000, wakaipa kampuni ndogo, Katipo Communications, kazi ya kuandika mpya. Ulianza kutumika Januari 2000, na mwaka huohuo msimbo wake ukatolewa kwa leseni ya GPL. Maana yake ni kwamba yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuutumia, kuubadilisha na kuugawa, ilimradi anayepokea kutoka kwake naye apate haki hizohizo. Leo unaendelezwa na watu wa nchi nyingi, na mkutano wao wa mwaka 2015 ulifanyika Ibadan, Nigeria.

Koha imeandikwa kwa lugha ya Perl, aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Hapo ndipo vijana wetu wa TEHAMA wanapoguna, kwani vyuoni wamefundishwa Python, Java, PHP na JavaScript, na Perl wanaihesabu kuwa lugha ya wazee. Hofu hiyo isimzuie mtu. Rekodi za MARC, ambazo maktaba za dunia hutumia kuandika taarifa za vitabu tangu miaka ya 1960, ni maandishi yaliyogawanywa kwa namba: 245 ni jina la kitabu, 100 ni mwandishi, 020 ni ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu), 082 ni namba ya Dewey, ile ya kupanga vitabu kwa mada. Kupekua, kukata na kupanga maandishi ya namna hiyo ndiyo kazi ambayo Perl inaiweza sana, na moduli zake za MARC zimekomaa. Isitoshe, anayetunza Koha ya chuo halazimiki kuandika hata mstari mmoja wa Perl. Anatakiwa kuijua Linux (mfumo endeshi wa seva) vizuri, kuijua SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kiasi, na kukaa meza moja na mkutubi. Tangazo la kazi linalodai "mtaalamu wa Perl" linawafukuza watu wazuri bila sababu.

Kuifunga kwenyewe si kazi kubwa. Kwa maktaba ya vitabu elfu chache hadi elfu hamsini, kompyuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 250 inatosha. RAM ya GB 4 ndiyo ya chini kabisa. Weka Debian, aina mojawapo ya Linux, ongeza hazina ya programu ya debian.koha-community.org, funga kifurushi cha koha-common na MariaDB, programu ya hifadhidata. Rekebisha faili la /etc/koha/koha-sites.conf kabla ya kuunda chochote, maana humo ndimo jina la tovuti na namba za milango ya mtandao zinamotoka. Kisha amri ya koha-create --create-db maktaba (neno maktaba hapa na kwenye amri zinazofuata ni jina mlilolipa mfumo wenu) inaunda hifadhidata, na koha-passwd maktaba inakuonyesha nywila ya kuingilia kwa mara ya kwanza. Kwenye kivinjari utaulizwa uchague MARC21 au UNIMARC, aina mbili za MARC. Chagua MARC21, ukikosea hapo, kurudi nyuma baada ya kuingiza vitabu ni kazi ya kuanza upya. Halafu weka saa za eneo kuwa Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi ndani ya koha-conf.xml, la sivyo muda wa kurudisha vitabu unaweza kupishana na saa ya ukutani.

Vifurushi vichukuliwe kwenye koha-community.org peke yake. Jina la Koha liliwahi kugombaniwa: kampuni moja ya Marekani iliomba kulisajili kama alama yake ya biashara huko New Zealand, maktaba zilizoianzisha zikapinga, na mwaka 2013 ombi likakataliwa. Anwani ya koha.org nayo ilikuwa mikononi mwa kampuni, ndiyo maana tovuti ya jumuiya ina neno "community" ndani yake.

Yote niliyoyataja hadi hapa fundi mzoefu anayamaliza ndani ya siku moja. Kwa hiyo mzabuni akileta ankara ambayo sehemu kubwa yake ni "ufungaji wa mfumo", mwulizeni siku zinazobaki atakuwa anafanya nini. Kazi nzito inaanzia kwenye taarifa za vitabu, na huko ndiko fedha nyingi zinakopotea.

Maktaba nyingi zina orodha ya vitabu kwenye Excel, na orodha hiyo mara nyingi imekwishaharibika kabla haijafika kwenye Koha. ISBN ya tarakimu 13 Excel huiona kuwa hesabu. Vitabu vya Tanzania huanza na 9789976 au 9789987, vya Kenya 9789966, vya Uganda 9789970. Ukiandika namba hizo kwenye safu ya kawaida, unaona kitu kama 9.78998E+12. Faili likihifadhiwa kama CSV (maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato) katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimekwenda moja kwa moja, hakuna ujanja wa kuzirudisha isipokuwa kufungua kitabu kimoja kimoja. Bakodi inayoanza na sifuri nayo hupoteza sifuri zake: 000457 inakuwa 457, na msomaji akileta kitabu dirishani mfumo unasema haukijui. Dawa ni kuibadili safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuandika namba ya kwanza, na kuhifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi.

Bora zaidi, msiandike kila kitu kwa mkono. Koha inaweza kuomba rekodi kwenye maktaba nyingine kwa njia ya Z39.50, itifaki ambayo maktaba hutumia kupekuliana katalogi. Maktaba ya Bunge la Marekani iko wazi kwa kila mtu: seva ni lx2.loc.gov, mlango 210, hifadhidata LCDB. Maktaba hiyo ina ofisi yake Nairobi tangu mwaka 1966, inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo vitabu vya Kiswahili vinavyopatikana humo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kwa ISBN, ikikosekana tafuta kwa jina la kitabu na mwandishi. Rekodi inaingia ikiwa na namba ya Dewey na mada zake, mkutubi anabaki kuhakiki tu. Ambavyo havimo ndivyo viandikwe, na hapo pawepo sheria moja iliyobandikwa ukutani: majina ya waandishi yaandikwe kwa utaratibu uleule, alama ya lugha iwe swa, fasihi ya Kiswahili iwe 896.392. Wahudumu watatu wakiandika jina la mwandishi mmoja kwa namna tatu, katalogi itamwonyesha kama watu watatu, na mwanafunzi atapata theluthi moja ya vitabu vyake.

Jambo linalosumbua wengi ni tofauti kati ya rekodi ya kitabu na nakala ya kitabu. Rekodi ni maelezo. Nakala ni kile kinachokaa rafuni, na huandikwa kwenye sehemu ya 952. Humo bakodi ni p, maktaba inayokimiliki ni a, maktaba kilipo sasa ni b, aina ya kitu ni y. Ukiingiza rekodi elfu kumi bila 952, katalogi itajaa na kupendeza, lakini hakuna hata kitabu kimoja kitakachoazimishika. Ingizeni kwanza rekodi 20 za majaribio, mjaribu kuziazimisha, kisha ndipo mmwage zilizobaki. Mkigundua kosa baada ya kuingiza, kuna kitufe cha kutengua kundi zima lililoingizwa, na mkiwahi kukitumia mtaokoa miezi. Uingizaji ukigoma na kubaki sifuri kwa saa nzima, mara nyingi wafanyakazi wa nyuma ya pazia wa mfumo wamesimama. Amri ya koha-worker --restart maktaba huwaamsha.

Bakodi zenyewe zichapishwe kwa printa ya utepe, si kwenye karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto kama risiti za dukani. Karatasi ile hufifia kwa joto na mwanga, na kwenye miji ya pwani kama Tanga na Mombasa hali ni mbaya zaidi. Kisomeo cha bakodi kijaribiwe kwenye ukurasa mtupu wa maandishi: kiandike namba na kishuke mstari, kama mtu aliyebonyeza Enter. Kisiposhuka, kitabu chake cha maelekezo kina bakodi ya kukiwekea hilo.

Kanuni za kuazimisha ni kazi ya asubuhi moja ya mkutubi na uongozi. Wekeni kanuni moja ya jumla inayogusa maktaba zote, aina zote za wasomaji na aina zote za vitabu, ndipo muongeze za pekee za walimu au vitabu vya rejea. Bila ile ya jumla, kuna siku msomaji wa kundi lililosahaulika atakataliwa na mfumo, na mhudumu hatajua kwa nini.

Sasa nakala rudufu. Hapa naomba wasomaji wanivumilie nirefushe, maana ndipo maktaba zinapofia.

Koha iliyofungwa kwa vifurushi vya Debian hujitengenezea nakala kila siku bila kuambiwa. Inaweka mafaili mawili ndani ya /var/spool/koha/maktaba: moja linaishia na sql.gz, ndilo lenye vitabu, wasomaji na mikopo yote. La pili linaishia na tar.gz, ndilo lenye mipangilio. Watu wakiambiwa hivyo wanatulia. Wasitulie. Kwa mpangilio wa kawaida nakala hukaa siku mbili tu, na zinakaa kwenye diski ileile yenye mfumo. Diski ikifa, mfumo na nakala vinakwenda pamoja. Na mtu akifuta kwa bahati mbaya wasomaji wote siku ya Ijumaa jioni, ikigundulika Jumatatu nakala nzuri haipo tena. Zilizopo zote mbili zina kosa lilelile.

Kwa hiyo mafaili hayo yatoke nje ya seva kila usiku. Amri moja ya rsync (ya kunakili mafaili) ndani ya cron (kipangaji cha kazi za kujirudia) inayapeleka kwenye kompyuta nyingine iliyo jengo tofauti, kwani moto na wezi hawachagui. Huko yawekwe ya siku 30, na la kwanza la kila mwezi lihifadhiwe mwaka mzima. Kwa maktaba ya kawaida faili la sql.gz ni megabaiti makumi au mamia machache, halimalizi diski wala bando. Mtunzaji aangalie ukubwa wake kila wiki: faili la jana likiwa megabaiti 60 na la leo kilobaiti 2, hiyo si nakala. Sababu ya kawaida ni diski kujaa, na amri ya df -h itasema mara moja. Wengine hujaza diski wenyewe kwa kuongeza siku za kuhifadhi hadi 90 humohumo ndani ya seva; wanaongeza hatari wakidhani wanaongeza usalama.

Na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa isihesabiwe. Kila miezi mitatu ichukuliwe kompyuta yoyote iliyokaa, ifungwe koha-common ya toleo lilelile, kisha koha-restore ipewe mafaili yale mawili. Ikimaliza, hesabu nakala za vitabu kwa SELECT COUNT(*) FROM items kwenye seva halisi na kwenye ya majaribio, na idadi ya wasomaji kwenye jedwali la borrowers. Azimisha kitabu kimoja, kirudishe. Zoezi hili linakula nusu siku. Taasisi inayoona nusu siku kila robo mwaka ni nyingi, ijiulize itachukua muda gani kuandika upya vitabu elfu ishirini.

Umeme ni tatizo letu sote. Ukikatika ghafla, hifadhidata kwa kawaida hujiponya yenyewe unaporudi. Kinachoumia ni faharasa ya Zebra, ile inayosaidia kutafuta. Dalili yake inatisha: mkutubi anatafuta kitabu anachokijua, mfumo unajibu hakuna kitu; anatafuta kingine, hakuna. Hapo simu zinapigwa kwamba "data zote zimepotea", na mtu asiyejua anafunga Koha upya juu ya ile iliyopo. Huyo ndiye anayepoteza data. Vitabu vyote vipo, faharasa tu ndiyo imevurugika, na koha-rebuild-zebra -f -v maktaba inaijenga upya kwa dakika chache au saa kadhaa, kutegemea wingi wa rekodi. Kabla ya kufunga chochote upya, fungua kitabu kwa bakodi yake kwenye sehemu ya kupokea vitabu. Kikionekana, hifadhidata ni nzima. UPS nayo iunganishwe na seva kwa waya wa USB na programu ya kuizima kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. Bila waya huo, UPS inaahirisha tu kule kuzimika vibaya. Betri zake huchoka kila miaka miwili au mitatu, zaidi kwenye chumba chenye joto, na zinastahili mstari wao kwenye bajeti.

Matoleo mapya ya Koha hutoka kila Mei na Novemba, na namba hufuata mwaka na mwezi: 24.05, 24.11. Katikati hutoka marekebisho madogo, yakiwemo ya usalama. Kusasisha kwenyewe ni apt update na apt upgrade, baada ya kuchukua nakala na kujaribu kwanza kwenye ile kompyuta ya majaribio. Kinachofanya watu waogope kusasisha ni fundi aliyeingia ndani ya /usr/share/koha akabadilisha mafaili ya Perl moja kwa moja ili aweke nembo ya chuo au kuongeza safu kwenye kadi ya msomaji. Sasisho la kwanza linafuta mabadiliko yake yote, hivyo anawaambia msisasishe kamwe. Baada ya miaka mitano mna mfumo wenye matundu yanayojulikana dunia nzima. Rangi na nembo zinawekwa kwenye mapendeleo ya mfumo, OPACUserCSS na OPACUserJS. Ripoti zinaandikwa kwa SQL ndani ya Koha yenyewe. Mengine yana programu-jalizi. Na kama msimbo wenyewe una kasoro, kasoro hiyo ipelekwe kwenye bugs.koha-community.org. Marekebisho huko hujaribiwa na mtu asiye mwandishi wake, yakapitiwa tena na timu ya ubora, ndipo yakaingizwa. Yakishaingia, hamuyabebi tena peke yenu.

Kuna pia siri za wasomaji. Majina, namba za simu na orodha ya alichosoma mtu ni taarifa binafsi, na sheria zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Upande wa wafanyakazi wa Koha, ambao mara nyingi uko mlango wa 8080, usifunguliwe kwa intaneti nzima. Uishie ndani ya mtandao wa chuo au upitie VPN. Upande wa wasomaji uwe na HTTPS, ambayo kwa Let's Encrypt hailipiwi.

Kwa maofisa ugavi, basi, zabuni ya Koha iwe na mambo haya hata kama mengine yatapunguzwa. Nywila zote, ya root (msimamizi mkuu wa seva) ikiwemo, zikabidhiwe kwa taasisi kwa maandishi siku ya makabidhiano. Leseni ya GPL inawapa haki ya programu, lakini haiwafungulii seva ambayo nywila yake iko kwa mzabuni. Mafunzo yawe ya watu wawili, mkutubi mmoja na wa TEHAMA mmoja, na kila mmoja awe na msaidizi anayejua kazi, kwa kuwa watu huhama. Mtunzaji atengewe rasmi nusu siku kwa wiki, iandikwe kwenye majukumu yake ya kazi, isiwe fadhila. Na malipo ya mwisho yasitoke hadi mzabuni achukue kompyuta tupu, mbele ya mkutubi na mhasibu, arejeshe nakala ya jana, na idadi ya vitabu na wasomaji ilingane na ile iliyo kwenye seva.

Mtunza mifumo ya maktaba,
Morogoro